Kinyumenyume na Mishale ya Lango Kuu

“Wameniwekea mishale,” alisema kaka yangu, na maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia tangu asubuhi mpaka yameanza kuniwasha. “Mishale ukutani, mishale chini. Kwani mimi ng’ombe wa kupelekwa josho?”

Nikamwambia asogee, amekalia mkono wa joho la watu.

Alisogea kidogo, kama mtu anayenifanyia hisani, akaendelea. Mishale yote inaanzia lango kuu. Lango kuu lenyewe limejengwa juzi. Yeye kaingia chuo hiki kabla ya lango, kabla ya jengo la utawala, kabla hata ya ukuta, na leo binti wa juzi anamwambia aanzie wapi. Nikamuuliza, huyo binti si ndiye mkubwa wake? Akasema ndiye. Nikamuuliza, basi tunabishana nini. Akasema ndiyo maana hapendi kuzungumza na mimi, kisha akakaa palepale akazungumza mpaka nikavunja sindano.

Huyo ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja, baba mmoja, na chuoni kila mtu humwita Kinyumenyume. Kazi yake ni kutembeza wageni: wazazi waliowasindikiza watoto, wanafunzi wapya, na wakubwa wa vyuo vingine waliokuja kuchungulia. Huwatembeza akiwa amewaelekezea uso, mgongo wake ndio unaotangulia, tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia mgeni hapewi mgongo. Niliwahi kumwambia kwamba mgeni hapewi pia kiongozi aliyetumbukia mtaroni. Akajibu kwamba visigino vyake vina macho. Na sitamnyima haki yake, sikuwahi kusikia kwamba ameanguka.

Alikuja hapa kijana, mbeba zege, wakati chuo ni mashimo na nondo. Vifaa vyote viliingilia nyuma, kwenye lango dogo lililo karibu na jiko, na vibarua nao waliingilia hukohuko. Zege lilipokwisha akabakizwa afyeke majani, baadaye akapewa stoo ya viti. Mtu asiyejua ataona stoo ya viti ni kazi ya kukaa. Kila mkutano viti vinatoka, kila mkutano vinarudi, na sijaona bado mkubwa aliyefikiri kwamba kiti kina uzito. Goti lake la kushoto liliharibikia humo. Kisha siku moja mtembezaji wa wageni hakutokea kazini, wageni wamejazana, bwana mmoja wa utawala akamwona kaka yangu amesimama mikono mitupu, akamwambia, hebu watembeze hawa.

Akawatembeza njia aliyoijua, njia ya zege. Akawaingiza kwa nyuma, akawaonyesha jiko na masufuria yake, bwalo, mabweni, mahali pa kufulia, kisha akawapandisha ngazi ndefu hadi maktaba, maabara, kumbi za mihadhara na ukumbi mkubwa, akawatolea kwa mbele penye jengo la utawala. Wazazi wakafurahi mno. Mzazi haji kutazama vioo. Anataka kujua mwanawe atakula wapi, atalala wapi na nguo ataanika wapi, na huyu kawaanzia hapohapo. Tangu siku ile hakurudi kwenye viti.

Hadithi zake sizitetei. Huwaambia watu kwamba maktaba ndiyo inayokizuia kilima kisiteremke. Siku moja mhandisi alikuwemo kati ya wageni, akakohoa tu. Huwaambia pia kwamba maabara imejengwa juu ya mwamba uliovunja nyundo zote za mkandarasi, na mwamba huo kila mwaka unakua. Nikimwambia kaka, acha uzushi, husema mgeni aliyefunga safari hapaswi kuondoka na habari nyembamba.

Basi ofisi ya mahusiano ikapata mkuu mpya, binti mpole, mnyoofu wa maneno. Mishale ilikuwa kazi yake ya kwanza, na wafagiaji hawakuchelewa, wakamwita Bibi Mishale. Alimwita kaka yangu ofisini, akampa kiti, akamweleza bila kumvunjia heshima kwamba chuo hakiwezi kutambulishwa kwa masufuria. Wageni waanzie mbele, penye sura ya chuo. Halafu kuna jambo la pili: kila akitembeza watu, nusu yao hupotelea njiani. Wakifika ngazi za maktaba wanatafuta kivuli wanakaa, wengine wanarudi kwenye magari yao. Jumamosi, kabla ya wanafunzi wapya kuanza masomo, kutakuwa na matembezi ya majaribio pamoja na wazazi watakaokuwa wamefika mapema, na yeye mwenyewe atafuatana nao. Yakienda vizuri, mzee ataendelea. Yakienda vibaya, kazi watapewa wanafunzi wenye vipaza sauti, na mzee atarudi stoo ya viti.

Stoo ya viti, na goti lile. Hapo ndipo hasira zangu zote zilipokuwa, maana nilikuwa najua nani atamkanda goti hilo usiku. Wifi yangu alikuwa kwao anamuuguza mama yake, kwa hiyo kaka alikuwa anakula kwangu, analalamika kwangu, na akiumwa ataumwa kwangu.

Mimi nina chumba kando ya lango dogo, nashona. Majoho ya mahafali yote ya chuo hiki hupita mikononi mwangu. Kipindi kile panya walikuwa wameingia kabatini wakatafuna mikono ya majoho kama vile wao ndio wanaohitimu, na mahafali yalikuwa yamebisha hodi. Sikuwa na nafasi ya kukuna hata sikio. Lakini kaka ni kaka.

Nikamwambia asimame katikati ya chumba, ajifanye yuko lango kuu, anisomee safari yake kwa kuanzia mbele. Akakohoa, akanyoosha shati, akaanza. “Karibuni. Hili ndilo jengo la utawala, ambalo, baada ya kuona mahali watoto wenu watakapokula na kulala, sasa mtaona wanakotawaliwa.”

Nikamuuliza wameona saa ngapi mahali pa kulala, na ndiyo kwanza wameingia getini.

Akaanza upya. Akafika kumbi za mihadhara, akasema ni kubwa kuliko bwalo mlilotoka kuliona. Akafika maktaba, akasema sasa mpumzike, maana ngazi tulizopanda si mchezo. Hapo nikaielewa shida, nikatamani nisingeielewa. Maneno yake yote alikuwa ameyajenga kama ngazi, kila neno limekanyaga la chini yake. Ukimwambia aanzie juu, hana pa kukanyaga.

Nikamwambia atunge mengine. Akasema mzoea punda hapandi farasi. Nikamwambia basi atafute punda wa kumbebea viti.

Alinuna. Akatoka akaenda kufuata mishale yake peke yake, kinyumenyume kama kawaida, na akarudi suruali imechanika gotini. Nilisahau, na yeye alisahau, kwamba ngazi alizozoea kupanda, ukiuanza mwendo kwa mbele unazishuka. Kupanda ngazi kinyumenyume, kisigino kinagusa kwanza kinajua. Kuzishuka, kisigino kinatafuta hewa. Nilimshonea suruali kimya kimya, na kwangu mimi kukaa kimya ni dalili mbaya.

Alipoona nimenyamaza akalainika. Akasema anahitaji mtu wa kufanyia mazoezi, mtu mmoja tu, amtembeze kwa njia mpya mpaka ulimi uzoee. Akanitazama.

Sasa hapo nikaona nimwambie. Tangu nilipohamia chumba hiki alikuwa ameniahidi kwamba atanitembeza, anionyeshe chuo chote, na hasa ukumbi mkubwa majoho yangu yanakokwenda. Majoho mimi huyaona yakitoka yamepigwa pasi na yakirudi yana jasho. Huko katikati sijui wanayafanya nini. Nimewahi kuufikia ukumbi kwa nje tu, kwenye mlango wa nyuma, nikakabidhi mzigo na kurudi. Kila nilipomkumbusha kaka, mara ana wageni, mara jua kali, mara ukumbi unapakwa rangi. Wageni wa mbali anawatembeza wasiomjua wala kumjali, na dada yake aliye getini anamwambia kesho.

“Ahadi ni deni,” nikamwambia.

“Si ndiyo hii nalipa? Twende nikutembeze.”

“Unanitembeza kwa shida yako. Hapo hujanilipa, hapo nimekukopesha tena.”

Akasema sijawahi kuwa mtu wa kuridhika tangu utotoni, na mama alikuwa akilisema hilo. Nikamjibu kwamba mama alikuwa na mengi ya kusema juu yake pia, ila alikuwa ana haya.

Ijumaa mchana tukaenda. Nilifunga mlango, nimeyaacha ndani majoho ya watu bila mikono. Tukasimama lango kuu, yeye amenitazama mimi, mimi nimelitazama jengo la utawala, mlinzi anatutazama wote wawili na anajizuia kucheka. Kaka akaanza. Hata hatujafika mlangoni akasema, kama mlivyoona kule jikoni.

“Jikoni gani?” nikamwambia. “Sijaona jiko mimi. Nakudai jiko.”

Akaendelea. Penye kumbi za mihadhara akataja bwalo. Nikamwambia nakudai na bwalo. Penye maktaba akataja mabweni. Nakudai mabweni. Sikuwa natania, ndugu msomaji. Jua lilikuwa linachoma, viatu vinanibana, na nilikuwa namhesabia makosa kama mwenye duka amhesabiavyo mteja mkaidi. Ukumbi mkubwa tulikuwa tumeukuta umefungwa, wanapanga viti ndani. Nikachungulia kwenye tundu la kitasa nikaona mguu wa kiti. Huo ndio ukumbi wote nilioupata siku hiyo.

Penye ngazi nilimshika mkono kabla hajaruka hewani. Nikamwambia ageuke atazame aendako kama binadamu wengine. Alisita mpaka nikadhani atarudi nyumbani. Akasema hajawahi kumpa mgeni mgongo. Nikamwambia mgongo wake haujawahi kumuua mtu, ila ngazi hizi zitamuua yeye. Akageuka, akashuka mbele yangu polepole, na muda wote huo akawa ananiomba radhi bila kugeuza shingo.

Tulirudi na makosa yaleyale tuliyoondoka nayo. Usiku ule alisema atakwenda kumwambia Bibi Mishale kwamba hawezi, arudishwe tu kwenye viti kabla hajaaibika mbele za watu. Nilimwambia akifanya hivyo asije kwangu kukandwa. Nilisema kwa ukali, lakini usingizi haukunijia.

Jumamosi nilijipa kazi ya uongo. Nilining’iniza joho moja mkononi kana kwamba nalipeleka utawala, nikasimama nyuma ya wazazi. Walikuwa wengi, waliovaa vizuri na waliovaa vya safari, na mabegi. Bibi Mishale alikuwa pembeni, amekumbatia kipaza sauti ambacho kaka alikikataa. Kaka alikuwa amevaa shati nililompigia pasi mimi, na uso wake umekuwa mdogo.

Jengo la utawala alilivuka salama, maana alisema machache. Ukumbi mkubwa ulikuwa umefungwa, akauonyesha kwa nje. Tukafika kumbi za mihadhara, naye akaanza kupata joto, na nikaliona neno linakuja kama unavyoona chombo kinateleza ukingoni mwa meza.

“Ukumbi huu,” alisema, “ni mara mbili ya lile bwalo mlilotoka kuliona.”

Baba mmoja mwenye kofia akatazama kushoto, akatazama kulia. “Bwalo lipi hilo, mzee? Mbona sisi hatujaliona?”

Bibi Mishale aliinamisha kichwa. Mimi nililibana lile joho mpaka vidole vikaniuma, kwa sababu nilijua kaka anachofikiri: anafikiri viti. Akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu, akaniona, na sijui aliona nini usoni mwangu, nadhani hasira tu.

“Basi mnanidai bwalo,” akasema.

Mtu mmoja akacheka. Halafu wakacheka kadhaa. Mama mmoja aliyebeba mkoba mkubwa akasema sawa, bwalo limeandikwa, na yeye ndiye mshika deni. Tukasogea. Penye maabara kaka akautaja mwamba wake unaokua, akasema maji ya maabara hutoka kulekule pa kufulia mlikopita. Mama wa mkoba hakumsubiri. “Hatujapita. Tunakudai na pa kufulia.” Penye maktaba akadaiwa mabweni, na hapo nina hakika aliteleza ulimi kwa makusudi, maana nilimwona anatabasamu kabla ya kuteleza.

Nilikasirika, sitaficha. Yale maneno niliyomrushia kwa machungu, nikiwa na malengelenge miguuni, kayafanya mtaji wake mbele yangu, na hata hajanitaja.

Tukafika ngazi. Akasimama, akawainamia kidogo, akasema anawaomba radhi wazee wenzake na mama zake, hapa atawapa mgongo, maana goti halina adabu tena. Baba wa kofia akamjibu, “Tupe mgongo baba, ila usitoroke na deni letu.” Akageuka, akashuka akishikilia ukuta, na watu wakashuka nyuma yake.

Na ndipo nilipoona alichokuwa anakiona Bibi Mishale. Alikuwa amegeuka mara kadhaa kutazama nyuma, kama mtu anayehesabu mbuzi zizini. Hakuna aliyekaa kivulini. Hakuna aliyerudi kwenye gari. Mtu anayedai haachi kumfuata mdaiwa wake. Hata mzee mmoja wa fimbo, ambaye kwa siku nyingine angeomba kiti penye maktaba, alikuwa anashuka ngazi kwa ngazi anauliza mabweni yako umbali gani.

Kaka akalipa deni moja baada ya jingine. Mabweni hayo, tazameni vitanda. Pa kufulia hapa, na kamba hizi msikubali watoto wagombanie. Bwalo hili hapa, pimeni wenyewe kama si nusu ya ule ukumbi. Walipofika jikoni wote kwa pamoja, mpishi mkuu alitoka na mwiko mkononi akauliza nani kawaruhusu, na mama wa mkoba akamwambia wamekuja kuchukua chao.

Walipotawanyika, Bibi Mishale alimwita kaka kando, nami nikasogea na joho langu. Alisema mzee ataendelea na kazi. Mishale inabaki, na madeni nayo yanaweza kubaki, maana leo hakupoteza mtu. Lakini ile habari ya maktaba kuzuia kilima iondoke, na mwamba nao uache kukua. Mtu mwingine angeshukuru akaenda zake. Kaka yangu alianza kumweleza kwamba kilima kile yeye anakijua, kilishawahi kuteremka wakati wa zege, na ikabidi nimkanyage mguu.

Njiani hakunishukuru. Alilalamika juu ya kilima mpaka mlangoni kwangu. Nikamwambia mikono ya majoho haijishoni yenyewe, aondoke.

Jua lilipopoa akarudi. Akasimama mlangoni badala ya kuingia, akasema ameshinda siku nzima analipa watu asiowajua, na amebakiwa na mdai mmoja. Nikamwambia mdai huyo ana kazi. Akasema wafagiaji wako ukumbini sasa hivi, mlango uko wazi, wakimaliza wanafunga. Nikaenda na sindano imechomekwa kifuani.

Niseme nini juu ya ukumbi mkubwa? Ni viti. Viti vingi, pazia zito linalohitaji kufuliwa, na jukwaa la mbao mbele. Nilikuwa nimeujenga kichwani kwa miaka mpaka ukawa na dari isiyokuwepo. Kaka alianza kunieleza habari za nguzo, nikamwacha nikaenda moja kwa moja jukwaani, nikapanda kama wapandavyo wao kuchukua vyeti vyao.

Ngazi ya pili ina ukanda wa chuma wa kuzuia kuteleza, na ukanda huo umefumuka upande mmoja, umeinua ncha. Nikainama nikaugusa. Joho likiburuta hapo, linashikwa. Kila baada ya mahafali mimi huletewa majoho yaliyochanika pindo, upande uleule, urefu uleule, nami huwalaani wahitimu kwamba ni wasomi wasiojua kutembea. Nimeshona pindo hilo mpaka macho yamepungua nuru.

“Kaka,” nikasema, “ungenileta hapa mwaka ule wa kwanza, unajua ningepumzika kiasi gani?”

Alikuja akatazama ile ncha, akaikanyaga kwa kiatu, ikakataa kulala. Safari hii hakuwa na hadithi. Akaenda kwa wafagiaji akaomba nyundo, hawana, akatoka nje akarudi na jiwe. Akapiga magoti, na goti lile bovu, akaigonga ile ncha mpaka ikalala, kisha akapitisha kiganja juu yake huku na huko kuona kama bado inashika. Nami nikakaa kwenye kiti cha mstari wa mbele, nikamtazama.

Alipoinuka akauliza sasa twende maktaba au tuanze na maabara, maana hataki nimwambie amelipa nusu. Miguu yangu ilikuwa imekwisha. Nikamwambia deni limelipwa, maktaba nimemsamehe.